Skafu Isiyopigwa Pasi

Nakumbuka Julai moja ya baridi kali pale Buruburu, mwanangu, nikiwa msichana asiyetaka kusemeshwa. Mama alikuwa amefariki, na baba alikuwa ameoa tena. Mke mwenyewe alikuwa mtu wa Vihiga, mpole hadi akaniudhi. Sikumwita mama wala shangazi. Nilingoja aniangalie ndipo niseme.

Baba alifanya kazi kanjo, yaani baraza la jiji, na kila alfajiri alitoka akikohoa. Nikachukua sindano za marehemu mama, nikaanza kumfumia skafu. Mstari wa kwenda mshono wa mbele, wa kurudi mshono wa nyuma, ikatoka laini kama ya dukani. Lakini kingo zilijikunja hadi skafu ikawa bomba. Nikaipiga pasi, ikalala. Ilipofuliwa tu, ikajikunja tena. Baba, Mungu amrehemu, aliivaa hivyo hivyo.

"Kazini wananiuliza ni nani amenifunga kamba," aliniambia akicheka.

Mimi sikucheka. Nilijifungia chumbani nikalia. Yule mke wa baba akabisha, nikafungua, naye akaketi pale mlangoni bila kuingia.

"Niliona tangu ulipoanza," alisema. "Nikanyamaza kwa sababu hukuniuliza. Sasa niseme ama niende?"

"Sema."

"Mshono wa mbele unavuta huku, wa nyuma unavuta kule, ndiyo maana inajikunja. Ukiwa unarudi, vitanzi vinne vya kila ukingo vifume mshono wa mbele, vile ulivyofuma ukienda. Mistari michache ya kuanza na ya kumaliza pia, mshono wa mbele tupu, kwenda na kurudi. Na hiyo pasi wachana nayo."

Tukaifumua pamoja, mimi nikivuta uzi, yeye akiuzungusha mkononi, kisha nikaifuma upya alivyonieleza, ikalala bila pasi. Nilimpenda siku hiyo, ingawa kumwita Mama kulichukua muda mrefu, na hakuwahi kunidai.

Sasa wewe unaolewa na mwanamume mwenye binti aliyefiwa na mamake, na umeniuliza utafanya nini akikukunjia uso. Mwanangu, usimpige pasi. Ukimlazimisha, atanyooka mbele ya wageni, na mkibaki wawili atajikunja tena. Keti mlangoni kwanza. Picha ya mamake iache ukutani. Akikuita kwa jina lako tu, itika vizuri.

Mungu akupe moyo wa subira, na siku mtoto huyo atakapokuita Mama, awe amependa mwenyewe.