Wiki Sita za Nesi na Wiki Sita Zangu

Sijamsamehe mume wangu, na sina haraka ya kumsamehe.

Nilikwenda Ifakara kupima saratani ya mlango wa kizazi. Nesi alipaka siki, akaona sehemu imegeuka nyeupe. Alisema hiyo si saratani, ila tukiiacha inaweza kuwa. Akaichoma siku ileile.

"Mama, kidonda kipone kwanza. Wiki sita usikutane na mzee. Akibisha, mlete nimweleze."

Mzee hakutaka kuelezwa. Wiki ya pili akanivuta kitandani, nikamsukuma. Kesho yake akaenda kunishtaki kwenye jumuiya, zile familia za Kikatoliki zinazosali pamoja nyumba kwa nyumba kila Jumamosi. Eti nimepata bwana mjini, nesi ni kisingizio. Wakaniweka kiti moto, rozari bado mkononi. Mwenyekiti akaniuliza kwa nini namnyima mume wangu unyumba. Wanawake niliopalilia nao mpunga walitazama chini. Nikalia kwa hasira mbele yao kama mwenye kosa.

Nikahesabu zamu. Baada ya Jumamosi mbili, sala ingekuwa kwetu.

Siku hiyo nilipika wali kwa perege wa nazi, nikamwalika nesi. Sala ilipoisha tukala, kisha nikasimama. "Mwenyekiti, uliniuliza swali. Jibu lako limekaa pale. Nesi, nimekuruhusu, usiwafiche kitu."

Hakuwaficha. Alieleza kidonda, majimaji yanayotoka, na jinsi mwanamke anavyoweza kuvuja damu au kupata maambukizi asipoachwa apone. Kisha akauliza akina mama wangapi wamepima. Hakuna mkono ulionyanyuka. Mume wangu alikuwa anachambua miba ya samaki ambaye ameshamaliza kumla.

"Omba radhi, mzee," mwenyekiti akamwambia. Akaomba, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi.

Jumatatu wanawake watano walikwenda kupima. Mke wa mwenyekiti alitangulia.

Wiki sita zilipotimia nesi alinikagua, nimepona. Mzee siku hiyo alioga mapema, akavaa shati la kanisani. Nikamtandikia mkeka sebuleni.

"Si zimeisha?" akauliza.

"Za nesi zimeisha. Zangu zinaanza leo."

"Ngapi?"

"Sita. Ukichoka, nenda kanishtaki."

Hakwenda. Mimi nililala katikati ya kitanda, mikono na miguu nimeitandaza, na sitasema uongo: nilifurahia kila siku.