Mpishi Asiyeshiba Mbele za Watu

Mikumi ni mahali ambapo watu hushuka kujisaidia, hula haraka na kuondoka, na mji umejengwa kwa tabia hiyo hiyo. Katika miaka ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara, kila mwenye nguvu ya kuinua beseni aliambiwa kuwa ni mfanyabiashara, na mabanda yakaota kando ya barabara kuu kama uyoga kwenye samadi. Wote waliuza kitu kile kile kwa bei ile ile. Aliyepata wateja zaidi ya jirani yake hakusemekana kuwa anapika vizuri. Alisemekana kuwa ana dawa.

Hildegarda alipika vizuri. Maharage yake yaliiva mpaka mchuzi ukawa mzito wenyewe bila kuongezwa chochote, na madereva wa malori ya Zambia walikuwa wakivumilia njaa tangu Morogoro ili waje kula kwake. Walikuwa na lalamiko moja tu. Dereva akinawa, akivuta sahani, alisema, "Mama, karibu tule," naye kila siku alijibu kwamba ameshakula. Hakuna aliyewahi kumwona akila. Mchana wateja wakipungua aliingia kwenye chumba cha nyuma, akafunga mlango kwa komeo, akakaa humo muda mrefu kuliko mlo wowote unavyohitaji.

Mahali pengine mpishi asiyekula chakula chake angekimbiwa. Mikumi ilifanya hesabu yake: mama huyu ana wateja wengi, mama huyu hali na watu, kwa hiyo dawa yake ya biashara ni kali na ina mwiko wa kula hadharani. Heshima yake ikapanda. Donati, dereva aliyejiona mjanja kuliko wenzake, alikuwa akimtania kwa sauti: "Mama Hilda, hiyo dawa usituwekee kwenye mchuzi, utatufanya tusahau wake zetu." Naye alijibu, "Wewe ulishawasahau kabla hujafika hapa." Watu walicheka, wakaongeza sahani.

Ukweli ulikuwa mwingine. Hildegarda alizaliwa Rudewa, kwenye kambi ya mkonge, mjukuu wa mkata mkonge aliyeletwa kutoka kusini na asirudi tena. Mkonge ulipokufa watoto wa kambi walibaki na majina ya mbali na mashamba ya watu wengine. Alipofikia umri wa kuolewa ugonjwa ukaanza, na ulikuwa ugonjwa wa ajabu: ulikuja na kushiba. Tonge la kwanza halikumdhuru, wala chai na andazi. Lakini katikati ya sahani, tumbo linapoanza kuwa zito, hasa kwa ugali, mkono ulisimama hewani na tonge lake, macho yakaganda, mdomo ukavutwa upande mmoja, na mara nyingine akaanguka na kutetemeka. Baada ya hapo alilala kidogo, akaamka na kichwa kinachouma na mchuzi kwenye nguo.

Mume wake, Bonifas, aliliona jambo hilo mara moja tu, nyumbani kwa mama yake, na mara moja ilimtosha. Katika nchi hii kifafa kinaaminiwa kuambukiza kwa mate, na watu waliosoma mpaka sekondari hukueleza hivyo bila aibu, kisha hukuonyesha kikombe cha mgonjwa kilichotengwa kule uani. Bonifas alimrudisha kwao pamoja na vyombo alivyotumia kulia chakula. Hildegarda akahamia Mikumi asikojulikana, akapangisha kiwanja kando ya barabara, akaanza kupika. Aliishi kwa kulinda siri moja. Uvumi wa uchawi ulimletea wateja, ila neno kifafa lingezima jiko lake siku hiyo hiyo.

Mwenye kiwanja alikuwa Jovin. Wazazi wake walikuja na ng'ombe kutoka upande wa ziwa, yeye akauza ng'ombe na kununua ardhi ya barabarani, na tangu hapo alitembea na funguo nyingi kiunoni ingawa alikuwa na milango michache. Mke wake, Jackline, alikuwa ameona Dar es Salaam baa yenye televisheni, akaitaka, na sehemu nzuri ya kuiweka ilikuwa pale lilipo jiko la Hildegarda. Kumfukuza mpishi mwenye dawa Jovin aliogopa. Kumfukuza mgonjwa hakuogopa. Siku moja alichungulia kwenye ufa wa ukuta wa nyuma, jambo ambalo mwanamume mwenye adabu halifanyi, akaona mkono umesimama hewani na tonge. Hakuwa na uhakika alichokiona. Angesema bila ushahidi, madereva wangemcheka. Alihitaji mtu mkubwa aseme badala yake.

Mtu mkubwa akaja mwenyewe. Daktari Cornel hakuwa daktari wa watu, alikuwa mhandisi wa antena, mzaliwa wa nchi hii aliyekaa ng'ambo hadi Kiswahili chake kikaanza kukwama kwenye ngeli. Alikuwa amekuja hapo kwanza kufuatilia tembo waliovishwa mikanda ya redio mbugani. Antena moja, alieleza kwa yeyote aliyekaa karibu naye, ni kama mtu mwenye sikio moja: anasikia, hajui sauti imetoka wapi. Ukipanga nyingi kwa safu, sauti huifikia moja kabla ya nyingine, na kwa kupima tofauti hiyo ndogo ya kuwahi na kuchelewa unajua ilikotoka. Unaweza hata kuiamuru safu nzima isikilize upande mmoja na kupuuza makelele ya pande nyingine. Wafadhili walipochoka na tembo wakapenda ubongo, naye hakuona tatizo. Hesabu ni zile zile, alisema. Akashona vijishikizo vya chuma kwenye kofia, akawa anatafuta vichwa vyenye magonjwa yasiyo ya kawaida ili aonyeshe hasa kona ya ubongo ambako tetemeko huanzia.

Jovin akamletea habari za Hildegarda, akakubaliana na wazee wa soko kwamba mashine ikisema ni mgonjwa, jiko lifungwe. Alimwambia mwenyewe, mbele ya wateja, "Mama, ukikataa kupimwa tutajua sababu." Hildegarda akafuta mikono kwenye kanga na kusema atakwenda.

Kipimo kilifanyika kwenye ukumbi wa kijiji, jenereta likinguruma nje na nusu ya soko ikiwa ndani, kwa sababu Jovin alikaribisha watu kana kwamba anaoza binti. Daktari Marciana, daktari wa kweli kutoka Kilosa, mwanamke kijana asiye na maneno mengi, ndiye aliyemvisha kofia na kupaka uji wa dawa kwenye kila kishikizo. Cornel akaweka mbele yake sahani ya ugali na maharage, akamwambia ale kama anavyokula siku zote.

Hakuna mwanamke wa kambi ya Rudewa aliyefundishwa na mama yake ambaye angekula kama siku zote mbele ya wageni wasio na sahani. Hildegarda aliuliza kwanza kwa nini wengine hawali. Akakaribisha mstari mzima wa wazee, mmoja mmoja, kwa shikamoo, nao wakashukuru kwa marahaba. Kisha akamega tonge kama la mtoto anayeota meno, akalichovya, akalitafuna mdomo ukiwa umefungwa, akatulia. Baada ya muda akamega jingine. Cornel alifurahi, kwa sababu taya linapotafuna hutoa makelele ya umeme yanayozamisha ubongo wote, na safu yake, iliyotengenezwa kupuuza makelele, ilikuwa imeshindwa kupuuza taya la mtu yeyote mpaka siku hiyo. Akamsihi aendelee taratibu hivyo hivyo. Sahani ilikuwa karibu nzima aliposhukuru, akaomba maji ya kunawa na kusema ameshiba. Wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Hiyo ndiyo adabu waliyoijua, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza kama mtu anaweza kuishi kwa matonge hayo.

Cornel angeweza kujiuliza, maana alizaliwa nchi hii hii. Lakini alikuwa akitazama karatasi yenye mistari iliyolala safi, na alikuwa na haraka ya kuwahi kijiji kingine. Akatangaza kwamba kichwa cha mama huyu ni kizima kuliko chake. Watu wakapiga makofi. Jovin alitoka kwa mlango wa nyuma. Baadaye nilisikia kwamba Cornel aliandika makala ndefu juu ya makelele ya taya, na ikasifiwa.

Marciana alibaki kumwosha nywele. Alisugua uji wa dawa ukatoka, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mama, hukula."

"Nimekula, daktari."

"Umeonja. Mama yangu naye huonja wageni wakiwepo, halafu hula jikoni."

Hildegarda aliinamisha kichwa kwenye beseni. Maji yalimtiririka shingoni. Mwishowe akasema, "Nikishiba ndiyo huja. Wakijua, sina pa kwenda."

Marciana hakumhubiria. Alimwambia kwamba ugonjwa huo unajulikana vitabuni ingawa ni nadra, kwamba hauambukizi, na kwamba Kilosa kuna vidonge vyeupe vidogo ambavyo akivimeza kila jioni vitaupunguza, pengine hata kuunyamazisha. Aje tu kila mwezi. Hildegarda akauliza watu watasema nini wakimwona anakwenda hospitali kila mwezi. Daktari akamkausha nywele, akamwandikia tarehe ya kwanza.

Jibu alilitafuta Hildegarda mwenyewe, na alilipata kwa kuwajua watu wake. Akafunga jiko siku moja kila mwezi, akapanda gari la Kilosa, na kila aliyemuuliza alimwambia kwamba anakwenda kijiji cha Zombo, kwenye njia hiyo hiyo, kwa mganga wake. Hakuna aliyeshangaa. Angesema hospitali, vikombe vyake vingetengwa uani. Alisema mganga, wakamwombea safari njema na kumpisha kiti cha mbele. Alirudi na vidonge vimefungwa kwenye pindo la kanga, na madereva walioona kifundo hicho waliinamisha macho kwa heshima.

Miezi ikapita. Mkono haukusimama tena hewani. Siku moja Donati akasema kwa mazoea, "Mama, karibu tule," na Hildegarda akavuta kigoda, akanawa, akala naye kwenye sahani moja mpaka ikaisha. Banda zima liliacha kutafuna. Akasubiri, mkono juu ya goti. Hakuna kilichokuja isipokuwa shibe. Akasema mganga amemfungulia mwiko, na kufika jioni soko lote lilikuwa linazungumza juu ya nguvu za mganga huyo.

Wanawake wa mabanda mengine wakaanza kumjia kwa siri wakitaka jina na njia. Aliwaambia mzee huyo hapendi wageni. Jovin hakuuliza njia. Alichukua pikipiki ya kukodi akaenda Zombo kutwa nzima, kutafuta dawa ya wateja kwa ajili ya baa aliyoitaka Jackline, akarudi na vumbi mpaka kwenye nyusi, akaja kukaa kwenye benchi la Hildegarda na kuagiza chai kama mtu aliyeshinda kesi.

"Nimefika kwa mzee wako," akasema, akihakikisha meza ya pili inasikia. "Tumekaa sana. Anakusalimu."

Hildegarda alimimina chai mpaka ikafika ukingoni, bila kumwaga.

"Ulimpa shikamoo yangu?"

"Nilimpa. Akaitikia marahaba."

"Basi vizuri, baba," akasema Hildegarda. Akajipakulia ugali, akakaa mbele yake, akala.