Mlango Uliomkataa Mama

Haya, tegua kitendawili hiki kabla hujaendelea kusoma.

Nimeajiri mlinzi. Hasinzii, hali, hanywi, na hongo hapokei. Siku ya kwanza ya amri mpya akamfungia nje mtu aliyemtengeneza kwa mikono yake. Nani huyo?

Umeshindwa? Usinipe mji bado. Soma.

Mimi ni bibi wa watu. Shule yangu iliishia ya msingi, na kuandika kwenye simu nilifundishwa na wajukuu. Nikikosea jina la mashine, mnisamehe. Lakini haya niliyaona mwenyewe, nimesimama kwenye korido ya hospitali, mkoba begani, roho mkononi.

Nina wajukuu wawili wa kike, tumbo moja. Mkubwa tunamwita Waya, maana utotoni hakuna redio aliyoiacha salama. Mdogo ni Kengele. Ukiwa mtaa wa pili ukamsikia anaongea, utajua kwa nini.

Wote ni mafundi wa mitandao, kampuni moja. Waya ndiye bosi wa mdogo wake.

Kazi yao ni kuunganisha kompyuta za hospitali kadhaa na kuzilinda zisiingiliwe na wezi. Waya alinieleza siku moja tukikunja nguo.

"Zamani, Bibi, tulikuwa tunazunguka jengo hadi jengo, kompyuta mapajani, tunarekebisha swichi moja moja."

Swichi zao si za taa, jamani. Ni visanduku ambamo nyaya zote za jengo zinaishia.

"Sasa tumeandika programu, inakaa huko kwenye wingu, yaani kompyuta za mbali tunazozifikia kwa intaneti. Tunaiamuru mara moja, yenyewe inarekebisha kila mahali."

"Na ikikosea?"

"Inakosea kila mahali kwa mpigo!" Akacheka mpaka shati likamponyoka.

Programu hiyo waliiita Bawabu.

Wiki ile walikuwa wanampa Bawabu sheria mpya: asimwamini yeyote. Kila kifaa kijitambulishe upya kila kinapogonga. Kisichojua kujitambulisha, nje. Hata kama kimekaa humo miaka.

Na kuna jambo Waya alilishupalia kama ugomvi. Majina.

Swichi kubwa ya ofisi kuu inaitwa mama. Zinazoitegemea ni watoto. Basi. Siku moja alimfokea Kengele mbele yangu, chakula mezani:

"Jina si pambo! Bawabu haoni sura, anaona jina tu. Mwite paka simba, uone kama hatamfungia kwenye tundu la simba."

"Sawa, mwalimu mkuu," Kengele akanuna.

Sasa basi.

Waya akapata ujauzito. Likizo yake ilikuwa ianze Jumatatu. Mtoto hakuwa na habari na Jumatatu. Uchungu ulimkamata Ijumaa mchana, mumewe yuko safarini, nikamtia kwenye teksi. Mkobani nina simu mbili, yangu na yake.

Hospitali tuliyokwenda ni mojawapo ya zile wanazozihudumia wao.

Mkunga akamsikiliza mtoto tumboni. Akasikiliza tena. Uso ukambadilika.

"Mapigo ya mtoto yanashuka. Upasuaji. Sasa hivi!"

Kitanda kikasukumwa mbio, mimi nyuma, viatu mkononi. Tukafika kwenye mlango wa chumba cha upasuaji. Daktari akagusisha kadi yake.

Taa nyekundu.

Akagusisha tena. Nyekundu.

Mkunga akajaribu ya kwake. Nyekundu.

Mlango wenyewe wa chuma. Waliufanya ujifunge mawasiliano yakikatika, kwa sababu dawa za usingizi ziliwahi kuibiwa humo. Ndani hakuna mtu wa kutufungulia. Na chumba cha pili kina mgonjwa mezani, katikati ya kupasuliwa.

"Ufunguo wa mkono uko wapi?" daktari akauliza.

"Kwa mkuu wa ulinzi," mkunga akajibu.

"Na yeye yuko wapi?"

"Ametoka kwenda kula."

Daktari akasema neno ambalo sitaliandika hapa.

Simu yangu ikaita. Kengele.

"Bibi! Waya yuko wapi? Hapokei simu! Nimeharibu, Bibi, nimeharibu!"

"Dada yako yuko hapa kwenye kitanda, mlango wa upasuaji umegoma, na mtoto anaishiwa nguvu tumboni. Umeharibu nini?"

Sauti ikamshuka. Kengele kunong'ona, sijawahi kusikia.

"Mlango huo nimeufunga mimi," akasema. "Nilimwambia Bawabu aanze sheria mpya kwa mama. Mama wa hapa ofisini, yuko mbele yangu, akileta shida nachomoa waya. Kumbe kuna mama mwingine! Kuna swichi huko kwenye wodi ya wazazi, nayo inaitwa mama. Visoma kadi vya milango yake ni vya zamani, havijui kujitambulisha. Bawabu amevitupa nje vyote. Nani aliiita ile swichi mama? Nani?"

Nilimtazama Waya. Kafumba macho, kaukamata mkono wangu kama anataka kuung'oa.

"Rudisha ilivyokuwa!" mkunga akaifokea simu.

"Siwezi peke yangu! Waya aliweka sheria, kutengua amri lazima wakubali watu wawili. Mimi na yeye. Mimi nimeshakubali. Amebaki yeye, kwenye simu yake!"

Mkunga akainamia tumbo tena. Alipoinuka akamtikisia daktari kichwa.

Nikaifukua simu ya Waya mkobani. Kioo kizima kimejaa ombi: Kubali, Kataa. Nikagusa Kubali. Ikataka kwanza kuona sura ya mwenyewe.

Nikamwelekezea usoni.

Hujatambuliwa.

Mnaelewa, wajukuu zangu? Huyu ndiye aliyemtengeneza Bawabu, naye Bawabu hamjui! Maumivu yamemkunja uso, jasho linamtiririka. Hata mimi niliyemwogesha angali mchanga ningemtilia shaka.

"Legeza uso kidogo, mama. Jaribu kutabasamu."

"Bibi, nitakuuma!"

Tena. Hujatambuliwa.

"Kidole!" Kengele akapiga yowe. "Gumba la kulia!"

Gumba lenyewe limelowa chapachapa. Nikalifuta kwa gauni langu, nikalipuliza kama chai ya moto, nikalibandika kwenye kioo.

Kijani.

Nikashusha pumzi. Mapema mno. Kikachomoza kisanduku kingine: Andika sababu.

"Sababu?" nikapayuka. "Nani kaweka upuuzi huu?"

"Mimi," Waya akasema, meno yameumana. "Andika, Bibi. Fungua mlango nizae."

Mimi huandika kwa kidole kimoja, herufi naitafuta kama sindano iliyoanguka sakafuni. Pembeni yangu daktari ameinua mtungi wa kuzimia moto, anaupiga kwenye kitasa, gwa! gwa! Kitasa hata hakikwaruziki. Waya anapumua kwa kukatakata. Mimi natafuta herufi ya z.

Nikamaliza, nikasoma: fungua mlango nizue.

Nikaituma hivyo hivyo. Bawabu alitaka sababu, hakusema iwe na maana.

Kimya.

Kimya bado.

Kli.

Taa ya kijani. Kitanda kikapita kama upepo, na mlango ukajifunga mbele ya pua yangu.

Nikakaa kwenye benchi, simu sikioni. Kengele hakukata. Nilikuwa namsikia akivuta makamasi, na nadhani yeye alikuwa ananisikia nikiomba.

Mpaka kilipotoka kilio chembamba kule ndani, chenye hasira zake.

"Bibi, ni yeye huyo?"

"Ni yeye."

Hapo ndipo akakata simu.

Jioni alikuja wodini, macho yamevimba, sauti hana. Akamtazama mtoto kwa mbali, kana kwamba hana haki ya kumgusa.

"Jumatatu kuna kikao," akasema. "Mkuu wa kampuni anataka kujua nani alikosea. Nimeshamwambia ni mimi. Wakinifukuza, sawa. Amri niliituma mimi, na ilinipasa kuangalia ni akina mama wangapi wako humo kabla sijaituma."

Waya akamweka mtoto vizuri kifuani.

"Ila kuna kitu kinanikaa kooni, dada. Ile swichi ilifungwa kwa mkono, kabla hatujawa na Bawabu. Haina kumbukumbu ya aliyeipa jina. Nani aliiita mama?"

Waya alikuwa anamtazama mwanawe.

Hebu nimwache hapo kidogo. Nipeni mji sasa, niwape na jibu.

Mlinzi ni Bawabu, mmeshajua. Mimi simchukii. Alifanya alichoambiwa, wala hakuongeza lake. Lakini mashine ukishaipa funguo zote, hakikisha unachokisema na inachokisikia ni kitu kimoja. Sisi tukisikia mama tunajua ni mama yupi, tunamjua kwa sauti, kwa mwendo, kwa namna anavyokohoa. Mashine inalijua neno tu. Neno unalolipenda sana, hilo ndilo la kuliangalia mara mbili kabla hujampa mlinzi asiyeuliza.

Hayo sikuyatoa kichwani mwangu. Niliyapata kwenye jibu la Waya, alipoinua macho hatimaye.

"Mimi," akamwambia mdogo wake. "Asubuhi ile nilikuwa nimetoka kupima, sijamwambia mtu yeyote. Niko peke yangu kwenye chumba cha mitambo cha wodi hii, swichi inaniuliza jina, nikajikuta nimeandika mama. Nikacheka peke yangu, nikasema nitabadilisha kesho. Jumatatu mniunganishe kwenye kikao kwa simu. Nitawajibu mimi. Njoo umpakate mwanao."