Usipa Juu ya Boneti

Kinyaa nilizaliwa nacho. Siwezi kunywea kikombe cha mwenzangu, na mtu akipitisha kidole kwenye gari langu akiwa ametoka kula maembe, siku yangu imeharibika. Kwa hiyo mama alipouza kahawa yake akaniwekea stika ya Bikira Maria, kubwa, boneti nzima, niliitunza kuliko ninavyotunza meno. Fundi aliyeibandika alinipa masharti: maji baridi, sabuni laini, kitambaa cha pamba, usisugue kingo, egesha kivulini, na petroli usiisogeze hata karibu. Nikayashika kama amri za Mungu.

Jumapili ile padre angebariki gari kabla ya misa, kanisani kwetu Maguu. Mama alikuwa ameshaitangazia jumuiya yake yote: angefika amekaa kiti cha mbele, na Mama wa Mungu mbele yake. Wiki nzima hakuwa na habari nyingine.

Ijumaa niliteremka Lundo, kando ya ziwa, kuwasalimu wakwe zangu. Niliegesha kivulini nyuma ya nyumba, nikaingia kula. Jua likahama. Nilipotoka nilikuta boneti imejaa usipa, wale dagaa wa ziwani, wabichi, wametandazwa kuanzia mabegani mwa Bikira Maria mpaka miguuni. Mafuta yalikuwa yakichuruzika hadi kwenye kingo za stika. Nzi walikuwa wamekaa kama wenye shamba.

"Bati lako lina joto zuri, baba," mama mkwe alisema, akiwageuza kwa kiganja. "Mchanga wetu ungechafua usipa huu wa zawadi ya mama yako. Na uso wa Bikira sijaugusa, nimeupisha."

Kweli alikuwa ameupisha. Lakini mama mkwe hafokewi. Niliupokea kwa mikono miwili, nikashukuru, meno nimeyauma. Ukipenda boga penda na ua lake, wanasema. Hawakusema lolote kuhusu ua lenye shombo.

Kona zote za kupanda mpaka Mbinga shombo iliingia kwa matundu ya hewa, nami niliendesha kichwa kikiwa dirishani, nikitema mate. Jumamosi asubuhi niliosha kwa sabuni laini mara nne. Magamba yalitoka, mafuta yakabaki. Kila nikiinama, bado ni samaki. Niliichukia Lundo nzima, nikalichukia ziwa na kila kinachoogelea ndani yake. Hasira hasara: nililowesha kitambaa kwa petroli, nikaanzia usoni, kwa kuwa ndipo mama angetazama kwanza.

Uso ambao haukuwa na tone la mafuta. Nilisugua mara mbili tu, kitambaa kikaondoka na shavu na jicho. Chini ya shela ya buluu pakabaki weupe mtupu. Mabega yalikuwa mazima, na bado yananuka samaki.

Jumapili mama alitoka na kitenge kipya, akasimama mbele ya gari. Sikungoja aniulize.

"Ni mama mkwe," nilisema. "Alianika usipa juu yake. Mafuta yamekula rangi."

Mama aliinama, akanusa pale palipokuwa na uso.

"Usipa wenyewe nimeupika jana," alisema. "Haukunuka petroli."

Akafungua mlango wa nyuma, akaketi.

Kanisani jumuiya ilikuwa imeshajipanga, wengine na maua mkononi. Padre alizunguka gari na maji ya baraka, akafika kwenye boneti, akasita.

"Mama, uso umekwenda wapi?"

Mama aliwatazama wenzake, kisha akanitazama mimi.

"Ni jua, padre," alisema. "Limeunguza."

Huyu ndiye mama aliyenichapa utotoni kwa kudanganya juu ya kipande cha muwa, akasema mwenye uongo asikaribie komunyo kabla ya kuungama.

Padre alibariki, tukaingia. Wakati wa komunyo benchi letu lote lilisimama. Mama alibaki ameketi, akakunja magoti pembeni ili wenzake wapite, na kila mmoja alimtazama alipokuwa akipita. Nilipogeuka kumtafuta, mimi nilikuwa nimeshafika katikati ya mstari, vidole bado vinanuka petroli.