Minazi Sita ya Bi Hamda

Jumamosi, tarehe 2 Machi 2024. Jua kali tangu asubuhi, upepo wa kaskazi umekwisha nguvu, na hakuna wingu hata moja. Zimebaki siku kumi hivi kuingia Ramadhani.

Saa nne asubuhi Bi Hamda alipigiwa simu kutoka Kidichi. Aliyepiga alikuwa Mzee Silima, mwenye shamba analolima Bi Hamda. Maneno yake yalikuwa machache. "Bi Hamda, njoo leo. Muhogo usiuguse mpaka tuzungumze."

Bi Hamda ana miaka hamsini na sita. Anakaa Mkunazini, ghorofa ya pili, na binti yake Khawla na wajukuu watatu. Anashona kofia za mkono, kazi ya macho na subira, na kofia moja humchukua wiki nyingi. Mchele ulipopanda bei, mafuta yakafuata na unga ukafuata, aliuza bangili mbili za marehemu mama yake. Akanunua tangi la kukingia maji ya mvua, kuku wanane wa kufuga juu ya dari, jembe na panga.

Ndugu yake Saud alimcheka. "Dhahabu ya mama umeigeuza kuku?"

"Dhahabu haitagi," alijibu.

Kilichobaki kilikuwa ardhi. Mzee Silima, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akimuuzia majimbi sokoni Darajani, alimwazima kipande cha shamba. Kodi hakutaka. "Panda muhogo, panda viazi, mle na wajukuu," alimwambia. Habari ya miti hakuitaja, kwa sababu huko shamba hakuna asiyeijua desturi yake.

Bi Hamda alikwenda kila Jumamosi na Jumanne. Muhogo ukashika. Vuli iliyopita alitazama ukingo wa shamba, akaona uko wazi, na nazi nazo zilikuwa zimepanda bei. Akanunua miche sita ya minazi, akaipanda kwa mstari ulionyooka. Alirudi mjini siku ile amefurahi.

Sasa muhogo ulikuwa tayari kuchimbwa. Ndio uliokuwa futari ya nyumba yake mwezi mzima, na hakuwa na futari nyingine.

Alifika Kidichi adhuhuri. Uani alimkuta Mzee Silima na dada yake mkubwa, Bi Wanu, akipepeta mchele.

"Shikamoo, Bi Wanu."

Bi Wanu aliendelea kupepeta. Hakuitikia.

"Ile minazi," alisema Mzee Silima, "kaipanda nani?"

"Mimi."

"Ya nani?"

"Si yangu? Miche nimeinunua mwenyewe, na jua lilipokuwa kali nikaimwagilia."

Bi Wanu akauweka ungo chini. "Umesikia kwa masikio yako, Silima. Nshakwambia mie. Babu yake alikuwa na minazi toka hapa mpaka bondeni. Mapinduzi yakaja, ikatoka mikononi mwao. Leo mjukuu karudi kuanza upya, mmoja mmoja."

"Wallahi, Bi Wanu, hilo halikunipitia moyoni. Nazi ghali, nikasema nipande nazi."

"Mnazi unazaa leo? Umeazimwa msimu. Miaka sita ya kungojea nazi umeazimwa na nani?"

 Ndipo Mzee Silima alipomweleza lile ambalo hakuwahi kumweleza mtu mzima. Ukiazimwa ardhi, unalima cha msimu, unavuna, unaondoka. Ukipanda mti wa kudumu, umesema mahali pale ni pako, na baada yako ni pa watoto wako.

"Basi minazi nakupa wewe," alisema Bi Hamda. "Iwe yako."

"Leo unanipa. Kesho mimi na wewe hatupo, na wanao watakuja na mashahidi kuwa mama yao ndiye aliyepanda." Mzee Silima aliinamisha kichwa. "Sikutukani, bibi. Lakini watu wanasema, na wanangu wananiuliza. Nipe jawabu kesho. Bila ya jawabu, shamba nalichukua, na kilichomo."

Alirudi mjini mkoba mtupu. Saud alimkuta amekaa na kofia mapajani, sindano haijaingia.

"Waachie, dada. Babu alipoteza shamba zima, akanyamaza. Wewe unashindwa kunyamaza kwa minazi sita?"

"Siililii minazi. Muhogo ule nisipouchimba, tutafuturu nini? Maneno ya babu?"

Saud hakucheka.

Asubuhi ya pili, baada ya sala ya alfajiri, Bi Hamda alipanda gari ya kwanza ya Kidichi na jembe lake. Hakupiga hodi kwa mtu. Alianza kuing'oa miche, polepole, akiizunguka mbali na shina, maana tangu mdogo alifundishwa kuwa kuua mti wa matunda ni dhambi. Mashimo akayafukia na kuyakanyaga. Kisha akaibeba miwili miwili mpaka uani, akaiegemeza ukutani. Viganja vyake vilikuwa vimetoka malengelenge.

"Shikamoo, Bi Wanu. Ipandeni mtakapo, kwa mikono yenu. Mkono wangu nshautoa."

Bi Wanu aliinama, akaikagua mizizi mmoja baada ya mwingine. "Huu umeukata."

"Najua. Jembe liliteleza."

Bi Wanu alimtazama viganja. "Marahaba," alisema, kisha akapaza sauti. "Silima!"

"Naam!"

"Njoo uone."

Mzee Silima alikwenda mpaka ukingoni, akakanyaga kila shimo kwa mguu wake, akarudi. "Chimba muhogo wako, Bi Hamda. Habari ya kupanda tena, tutazungumza."

Hakusema lini, na Bi Hamda hakuuliza. Alichimba mstari wa kwanza. Fungu la mwanzo alilipeleka mlangoni kwa Bi Wanu, yaliyobaki akayatia guniani. Halafu akaikatakata ile miti ya muhogo iwe mbegu ya masika, akaifunga kwa kamba, akaisimamisha kivulini. Hakupanda hata kipande kimoja.