Siku Tatu za Oloitokitok

Mtoto wetu alipofika miaka miwili alikuwa anajua kusalimia watu wengi. Mama anayetuletea maziwa akitusalimia kwa Kimaasai, "sopa", pale mlangoni, yeye alijibu "epa" kabla yangu. Kinyozi wa jengo la pili alimjua kwa sauti. Lakini baba yake mwenyewe, mtoto alimwita anko.

Hakuwa anacheza. Alimwita anko kwa adabu, mkono umenyooshwa, kama nilivyomfundisha kusalimia wageni. Baba yake alipoinama kumbeba, mtoto akaanza kulia huku akinitafuta kwa macho. Nikaja nikamchukua, akanyamaza. Hivyo ndivyo zilivyokuwa Jumapili zetu.

Mume wangu anafanya kazi kwenye shamba la maua kule Isinya, upande wa kupakia, na basi la wafanyakazi hupita kwetu Kitengela kabla jua halijatoka. Akirudi, mtoto ameshalala. Jumapili ambayo haendi kazini anaenda Kisaju kuangalia ploti yetu, maana ploti isipoangaliwa Kajiado hii, utafika siku moja ukute mtu ameshapiga mabati. Mimi nashona yunifomu za shule kwenye kibanda karibu na soko, mtoto akiwa chini ya meza anakula chaki ya kuchorea vitambaa. Nilikuwa nimechoka. Sisemi ule uchovu wa kulala ukaisha. Nilikuwa nimechoka mpaka mteja akaniuliza jina la dada yangu, nikasimama pale na sindano mkononi, jina halikuja.

Ile Jumapili ya anko, mume wangu alibaki amechuchumaa pale pale sakafuni.

"Twende mahali," akasema.

"Wapi?"

"Mahali popote. Siku tatu. Hakuna kazi, hakuna ploti. Akinizoea, sawa. Akikataa, basi tutajua ni mimi."

Akachagua Oloitokitok, kwa sababu mwenzake wa kazini alimwambia kuna nyumba ya wageni safi, yenye nyasi za mtoto kukimbia, na asubuhi mlima unauona ukiwa bado kitandani. Mimi mlima haukunihusu sana. Nilisikia neno kitanda.

Kumbe kupumzika ni kazi. Nilikuwa naandika vitu vya kubeba nyuma ya karatasi za vipimo vya wateja. Nepi. Poti, kwa sababu haendi kwa choo kingine. Chandarua. Unga wa uji, kwa sababu uji wa watu wengine anautema. Thamosi. Dawa ya homa. Sahani yake ya bluu, maana ukimpakulia kwenye nyingine anaigeuza juu chini. Nilipofika kwenye nguo zangu mimi mwenyewe, karatasi ilikuwa imejaa. Nikamwambia mume wangu kwamba ningependa kuacha haya yote na kulala tu hapa nyumbani siku tatu, wao waende. Alicheka. Mimi sikuwa nacheka.

Lakini shida yenyewe haikuwa mizigo. Sisi ni Wakamba, na kwetu safari huwa na mtu mwishoni. Unaenda kwa mama, kwa shangazi, kwa mazishi, kwa kupeleka mbuzi za mahari. Ukisema unasafiri, swali la kwanza ni unaenda kwa nani. Sasa utamwambia nani kwamba unaenda kumwona mlima? Tena barabara ya Oloitokitok inakatia pale Emali, na kutoka Emali hadi nyumbani kwa mama mkwe ni mwendo wa pikipiki. Mama mkwe hakuwa amemwona mtoto tangu akiwa wa miezi minane. Mtoto ana jina la marehemu mume wake, kwa hiyo mama huyo humwita "mume wangu", na kila akipiga simu huuliza mume wake analetwa lini. Tulikuwa tumepanga kumpita mlangoni kimya kimya, mchana kweupe. Niliona haya, lakini nilinyamaza. Ukimpitia mama mkwe hupumziki. Unachota maji, unapika, unapokea wageni waliokuja kukuona.

Halafu kukawa na ruhusa ya kazini. Msimu huo shamba lilikuwa halitoi likizo. Msimamizi alikuwa ameshasema wazi kwamba anayetaka kuondoka alete sababu ya maana, na kila mtu alijua sababu za maana ni mbili, msiba na mzazi mgonjwa. Mume wangu alirudi siku moja akaniambia amepewa siku tatu kuanzia Jumatatu.

"Ulisema nini?"

Alianza kufungua kamba za viatu, polepole sana. "Nimesema Mama ni mgonjwa."

Ningemkemea. Ningemwambia mzazi hasingiziwi ugonjwa. Badala yake nilimuuliza kama atakumbuka kutoa lile begi kubwa juu ya kabati. Hapo ndipo uchovu ulipokuwa umenifikisha.

Hatukukumbuka jambo moja. Pale kwenye kupakia kuna mama mmoja tunayesali naye kanisani, na huyo mama ametoka kijiji kimoja na mama mkwe. Alisikia habari, akafanya kile ambacho Mkristo mwema hufanya. Alimpigia mgonjwa simu kumpa pole, kisha akaliambia kundi letu la maombi.

Jumamosi saa sita mchana mama mkwe alikuwa mlangoni kwetu. Alikuwa na kuku hai kwenye mfuko wa sukari, kichwa nje, na gunia dogo la pojo. Aliniangalia, akaangalia lile begi kubwa lililokuwa wazi sebuleni, poti ikiwa juu.

"Nimekuja kujua ninaumwa na nini," akasema.

Nilimpa maji ya kunywa. Sikuwa na kitu kingine cha kumpa. Mume wangu alikuwa Kisaju. Aliporudi na kumkuta mama yake kwenye kiti amempakata mtoto, alisimama mlangoni na vumbi lake lote. Kabla hajafungua mdomo, nyuma yake wakaingia watu saba wa kundi la maombi, na mkate, na sukari, na mafuta ya kupikia.

Walifurahi kweli kumkuta mgonjwa mwenyewe. Kiongozi wetu akavuta stuli karibu. "Mama, pole sana. Unajisikiaje?"

Mama mkwe alimtazama mwanawe. Akaniangalia mimi. Nilikuwa naomba mtoto aangushe kitu.

"Ni kifua," akasema mama mkwe. "Na miguu. Lakini leo afadhali."

Wakamwekea mikono. Waliomba kwa Kikamba na kwa Kiswahili, muda mrefu, na yeye akaitikia amina kuwashinda wote. Baada ya chai aliwasindikiza mpaka mlangoni, akikohoa kidogo.

Walipoondoka alikaa chini. "Sasa niambie."

Mume wangu akamwambia yote, mpaka Oloitokitok.

"Huko mko na nani?"

"Hatuko na mtu, Mama."

"Na mnapita Emali."

"Tunapita Emali."

Mama mkwe akaondoa uzi kwenye leso yake. Nilijua ameumia, na nilijua haki ilikuwa yake. "Ungemwambia huyo mkubwa wako unataka kukaa na mtoto wako. Kwani angekuua?"

"Wangenicheka. Kuna mmoja aliomba siku mbili mke wake akijifungua. Mpaka leo wanamwita Mama."

"Wacha wacheke."

"Ananiita anko, Mama," akasema mume wangu, na sauti ikamkatika. Sijawahi kumsikia hivyo, hata tulipomzika baba yake.

Mama mkwe akalivuta lile gunia dogo, akalifungua. Baadaye, akichambua pojo, alisema kwamba Jumatatu tutaondoka naye, yeye atashuka Emali, sisi tuendelee. Kurudi, tutalala kwake usiku mmoja. Na mpaka tuondoke ataendelea kuwa mgonjwa.

Alitimiza. Jumapili hakwenda kanisani, akashinda kwenye kile kiti akitutazama. Mume wangu naye hakwenda Kisaju. Alijaribu kumlisha, mtoto akalia, nikaja. Akajaribu kumwosha, akalia, nikaacha kufunga begi nikaja. Kila mara mama mkwe aligeuza macho kutoka kwake kuja kwangu.

Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa jikoni natia uji kwenye thamosi. Mtoto aliamka chumbani, na baba yake ndiye aliyekuwa naye. Kilio kikaanza. "Mama! Mama!" Nikaweka kifuniko chini.

"Kaa," mama mkwe akasema. Alikuwa kwenye stuli karibu na mlango wa jikoni, na mguu wake ulikuwa umezuia njia.

"Ana njaa."

"Hana njaa. Kaa."

"Mama, analia."

"Nasikia. Jana amelia hivyo mara nne, na mara zote nne ulifika kabla baba yake hajamuuliza ana nini. Wewe ndiye unamnyang'anya. Halafu mnapanga safari ya mbali kwenda kutafuta kwa nini mtoto hamjui baba yake."

Nilikasirika. Nani alikuwa anaamka naye? Nani alikuwa anashona akiwa amembeba mgongoni? Nilitaka kumwambia hayo yote, na yalikuwa kweli. Lakini na lake lilikuwa kweli. Nilikuwa nimechoka, na njia fupi ya kupata utulivu ilikuwa mikono yangu mwenyewe. Nikaitumia kila siku, miaka miwili, bila kuuliza inamfungia nani mlango.

Nikakaa juu ya debe la maji. Kilio kilipanda, kikawa cha kukwama pumzi, na mimi nikashika pindo la nguo yangu kwa mikono yote miwili. Mume wangu alikuwa anaongea, sauti ya chini, sikusikia anasema nini. Kitu kikaanguka. Mtoto akapiga kelele. Mume wangu akaendelea kuongea. Uji ukapoa kwenye sufuria. Kisha kilio kikashuka kidogo kidogo, kikawa kwikwi, kikaisha.

Wakatoka. Mtoto alikuwa amevalishwa shati nyuma mbele, kiatu kimoja, uso umelowa. Alikuwa ameshika kola ya baba yake kwa ngumi. Aliniona. Nikafungua mikono, kwa mazoea tu.

Akaniangalia vizuri, akalaza kichwa chake begani mwa baba yake.

Hilo ndilo nililokuwa nimeliomba. Ndilo nililolifungia lile begi, nikalinyamazia uongo, nikataka kumpita mama wa watu Emali. Na liliniuma sana, pale jikoni, mpaka mama mkwe akaichukua thamosi na kuifunga yeye mwenyewe.