Sitaha Iliyong'aa

Kimandolu nzima, pale Arusha, hakuna aliyebisha kwamba fundi rangi ni Muzammil. Gari likitoka mikononi mwake, mwenyewe angeweza kunyoa ndevu akijitazama mlangoni. Miaka ishirini na sita alikula kwa mng'ao, na mng'ao nao, kidogo kidogo, ukamla yeye.

Siku moja bwana Reginald, mwenye nyumba ya wageni kule Usa River, alimletea kazi ambayo gereji yake haikuwahi kuiona: mashua ndogo ya tanga, ya faiba, iliyokuwa ikitembeza wageni katika Ziwa Duluti, pale Tengeru. Sitaha yake, kule mbele kwenye mlingoti, ilikuwa imelika ikawa laini, na miguu yenye maji ilikuwa haishiki.

"Sitaki urembo, fundi," alisema Reginald. "Nataka paparuze kama ulimi wa ng'ombe."

Muzammil alifanya kama alivyoagizwa. Alipiga msasa, akabandika tepe pembeni, akapaka rangi nzito, na ingali mbichi akainyunyizia mchanga kwa chekecheo aliloliazima jikoni kwa mkewe, Rukaiya. Ilipokauka akafagia mchanga uliolegea, akapaka tena juu yake. Ilikuwa kazi sahihi. Ingeishia hapo, pasingekuwa na la kusimulia.

Lakini Khalfani, mchomeleaji wa gereji ya jirani, akapita na kikombe chake cha chai.

"Muzammil, hiyo mashua ina surua?"

"Ndivyo mwenyewe alivyotaka."

"Aa, sema umepaka kwa ufagio! Jamani, njooni muone, bingwa wetu leo kakaanga bagia!"

Mafundi walicheka mpaka wakashika mbavu. Mtu mzima wa miaka hamsini na miwili, mwenye wajukuu, alichekwa kwa kazi njema, naye akaiona mbaya. Kesho yake asubuhi, wenzake hawajafika, aliusaga ule mchanga kwa msasa mpaka ukaisha makali, akapaka vanishi mara mbili. Khalfani alipokuja alipiga mluzi. "Sasa ndiyo wewe!" Muzammil akafurahi. Furaha hiyo ndiyo iliyokuja kumchoma baadaye kuliko yote.

Ziwani mashua ilipokelewa na Silantoi, mama wa Kiarusha aliyeiendesha kwa miaka saba. Alipitisha kiganja juu ya sitaha.

"Mbona laini hivi, kaka?"

"Mchanga uko chini ya rangi, dada. Ikilowa ndipo inaposhika."

Uongo huo ulimtoka bila hata kumeza mate.

Siku ya nne Reginald alimpigia simu. "Fundi, rangi imependeza, wageni wanaipiga picha! Ila Silantoi kateleza akishusha tanga, kavunjika mkono. Uzembe wake, kapanda na kandambili. Nimemtoa. Akipona ataosha makasia tu, chombo nampa mwingine."

"Loo. Mpe pole," alisema Muzammil, akakata simu.

Alasiri alikwenda msikitini. Pale pa kutawadhia sakafu ilikuwa ya saruji tupu, imekwaruzwa kwa ufagio ilipokuwa mbichi. Siku zote aliidharau, akisema mwashi yule hakuijua kazi. Sasa alisimama juu yake miguu imelowa, na wazee wawili wakapita mbele yake, nao wamelowa, bila kushika ukuta. Mwashi yule hakutafuta sifa. Aliwafikiria watu ambao hangewaona. Muzammil alisukutua kinywa mara tatu, akahisi hakijatakata. Maji huondoa tope. Uongo huondolewa na kinywa kilichousema.

Kesho yake aliwakuta wote wawili ziwani, Silantoi akiwa ameketi kwenye gogo, mkono umefungwa plasta.

"Bwana Reginald, kosa si kandambili," alisema Muzammil. "Mchanga niliutoa mimi. Nilichekwa, nikautoa."

Reginald alimkodolea macho. "Na jana kwenye simu ukanyamaza?"

"Nikanyamaza."

"Nilikuuliza," Silantoi alisema, bila kupaza sauti. "Nilikuuliza, ukaniangalia machoni. Nimelala hospitali nikivilaumu viatu vyangu."

"Nisamehe, dada."

"Kwanza rudisha mchanga."

Akaurudisha palepale ufukoni, siku tatu, mbele ya kila mpita njia, na kila aliyeuliza mashua ina nini alimjibu ukweli. Siku ya nne Silantoi alichota ndoo kwa mkono wake mzima, akaimwaga juu ya sitaha.

"Vua viatu, upande."

Akapanda. Nyayo zikashika.

"Ruka."

Muzammil, na kofia yake kichwani, akaruka kama mtoto mbele ya watu, mara mbili, mara tatu, na sitaha haikumwangusha.

"Mkono ukipona naichukua mashua yangu," Silantoi alimwambia Reginald.

"Ni yako," alijibu Reginald. "Na mimi nilikuhukumu kabla sijaigusa sitaha."

Muzammil hakuambiwa neno. Aliinama kutafuta viatu vyake, macho yake yakapita juu ya rangi ile yenye chembechembe. Kwa mara ya kwanza katika kazi yake, rangi haikumwonyesha uso wake. Akashukuru, maana siku ile hakutaka kuuona.